Mkono Kwanza, Karatasi Baadaye

Shangazi yangu aliingia chumbani kwa daktari akiwa ameshika cheti cha majibu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi. Daktari hakukipokea. Alimwamkia shikamoo, akamkaribisha kiti, kisha akamwomba ruhusa amshike mkono. Nikadhani anatafuta mapigo ya moyo. Kumbe alikuwa anazungusha vidole juu ya kiwiko, pale penye msuli, kama fundi cherehani aliyesahau futi nyumbani. Akamtazama na mashavu. Akampandisha kwenye mizani: kilo 42.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Sabini na mitano, kwa hesabu za kaka zangu."

"Na jana ulikula nini?"

Shangazi akanigeukia mimi, maana jana yake tulikuwa wote kwenye hitima. "Pilau, mwanangu."

"Ya nyama?"

"Sasa pilau ya nini tena?"

Hapo ndipo alipochukua karatasi. Kreatinini: 97. Pembeni, kwa herufi ndogo, palichapwa mpaka wa chini na mpaka wa juu, na 97 ilikuwa ndani yake. Hapakuwa na nyota wala alama yoyote ya hatari. Mimi tangu dirishani kwa maabara nilikwisha mwambia Shangazi kwamba figo zake ni nzima. Daktari aligeuza cheti, akaandika nyuma yake kwa peni tarakimu mbili, 52 na 29, akaziacha zikae hapo bila kusema neno.

Nimekaa na tarakimu hizo muda mrefu tangu siku ile, nikauliza, nikasoma, nikawasumbua watu wa maabara. Nilichokuta ni kazi ya mikono ya watu wengi, iliyochukua zaidi ya miaka 100, ya kujua kitu ambacho hakuna anayeweza kukiona.

Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja maji ya damu yapata lita 180 kwa siku. Ni ndoo tisa zile za lita ishirini. Damu yote mwilini ni kama lita tano tu, kwa hiyo maji ni yale yale, yanapita kwenye chujio tena na tena mchana na usiku, na karibu yote hurudishwa. Kinachotoka nje ni lita moja na nusu hivi. Ukizigawa zile lita 180 kwa dakika za siku unapata mililita 125. Hiyo ndiyo kasi ya uchujaji, nayo ndiyo daktari anayotaka kuijua. Taabu ni kwamba hakuna bomba la kufunga mita. Vichujio vyenyewe ni vidogo kuliko chembe ya mchanga, na kila figo ina milioni moja hivi.

Wataalamu wakazunguka nyuma. Tafuta kitu kinachopita kwenye chujio kama maji yanavyopita, kisichorudishwa njiani wala kuongezwa, ukiweke kwenye damu, kisha uangalie kinavyotoka. Miaka ya 1930 huko Marekani, Homer Smith wa New York na A. N. Richards wa Philadelphia walikipata: inulini, wanga unaotoka kwenye mizizi ya maua ya dahlia na mimea ya jamii yake. Inulini haidanganyi. Lakini inataka dripu, mkojo ukingwe kwa saa kadhaa, na damu ichukuliwe mara kwa mara. Huwezi kufanya hivyo kwa foleni ya kliniki ya Jumatatu.

Kabla yao, mwaka 1926, Mdenmaki Poul Brandt Rehberg alikuwa amejaribu jambo jepesi zaidi, tena juu ya mwili wake mwenyewe: alimeza kreatinini, akapima damu yake na mkojo wake, akapiga hesabu. Ninampenda mtu huyu bila kumjua. Kreatinini ina fadhila moja kubwa, kwamba kila mtu anayo tayari. Hutoka kwenye misuli. Ndani ya misuli kuna akiba ya nguvu iitwayo kreatini, na kila siku sehemu ndogo ya akiba hiyo, kama asilimia moja au mbili, hugeuka kreatinini na kuingia kwenye damu, uwe umelala au unalima. Figo huitoa.

Fikiria mtungi uliotobolewa chini, na juu yake maji yanadondoka kwa mwendo uleule siku zote. Maji yatapanda mpaka mahali fulani, yatulie hapo. Tundu likizibika nusu, kina kitapanda mpaka kitulie mahali papya. Mtu akija na kijiti akapima kina, bila kuliona tundu, anaweza kukisia ukubwa wake, mradi ajue maji yanadondoka kwa kasi gani juu. Kijiti ni kipimo cha damu. Kasi ya matone ni misuli ya mtu. Ndiyo maana daktari alishika mkono kabla ya karatasi: alikuwa anauliza matone.

Kuli wa bandarini wa miaka 25, mwenye kilo 80, akiwa na kreatinini hiyohiyo ya 97, kanuni ya leo inampa kasi ya takriban 95. Mtu mzima kabisa, aende zake akapakue makontena. Shangazi, kwa damu yenye kiasi kilekile, anapewa 52. Matone yake ni machache, na bado kina kimefika pale pale. Lazima tundu lake limeziba.

Kabla sijarudi kwenye zile tarakimu, acha nipite maabara, maana huko kuna ufundi ambao wagonjwa hatuuoni. Mwaka 1886, huko Königsberg, Max Jaffe aligundua kwamba kreatinini ikikutana na asidi ya pikriki ndani ya kimiminika chenye magadi hutoa rangi ya chungwa inayoelekea wekundu. Mwanzoni mwa karne iliyofuata Otto Folin wa Marekani akaifanya rangi hiyo kuwa kipimo: ikikolea, kreatinini ni nyingi. Mpaka leo mashine nyingi hutumia rangi ya Jaffe, kwa sababu ni rahisi kwa bei. (Asidi hiyohiyo ikikauka hulipuka; majeshi ya Ulaya yalikuwa yakiijaza kwenye makombora. Katika chupa ya maabara huwekwa na maji yake, imetulia.)

Rangi ya Jaffe ina udhaifu wa kupenda wageni. Sukari ikizidi sana kwenye damu nayo hupaka rangi kidogo. Asidi zinazojaa mwilini mwa mgonjwa wa kisukari aliyezidiwa hupaka. Baadhi ya dawa za kuua bakteria hupaka. Umanjano wa ini unafanya kinyume chake, unaivuta rangi chini, na mgonjwa mwenye macho ya njano anaweza kuonekana ana figo nzuri kuliko alizo nazo. Mafundi wakatafuta dawa ya hilo, na dawa yenyewe ilikuwa saa. Waliona kwamba baadhi ya wageni huwahi kupaka rangi yao mara tu vitu vinapochanganywa, na wengine huchelewa. Kreatinini iko katikati. Basi mashine huwaacha wa mwanzo wapite, husoma jinsi rangi inavyokolea kwa kitambo kifupi, kisha hufunga jicho kabla wa mwisho hawajafika. Fundi mmoja wa maabara alinionyesha mstari huo kwenye kioo cha mashine ukipanda, akiufuata kwa kidole kama anayemwonyesha mtoto njia ya siafu. Ipo njia nyingine, ya vimeng'enya, isiyosumbuliwa sana na wageni hao. Bei yake iko juu.

Jambo jingine dogo, lililowahi kumkosesha jirani yetu usingizi. Maabara nyingine huandika kreatinini kwa miligramu, nyingine kwa maikromoli. Ile 97 ya Shangazi ingeandikwa 1.1 kwingine. Jirani alikuwa na 1.1 mwezi mmoja, akapima mahali pengine akapewa 97, akaanza kuaga watu. Zidisha ya kwanza kwa 88.4 utaipata ya pili.

Sasa ujanja mkubwa wa kreatinini, ambao nusu ya ufundi wa kuisoma umo humo. Haipandi sawasawa na figo zinavyoshuka. Chukua mtu ambaye kawaida yake ni 60, na kasi yake ya uchujaji ni 100. Kreatinini ikipanda hadi 90, karatasi haitasema kitu, bado yuko ndani ya mipaka. Lakini misuli yake haijabadilika. Tundu ndilo limebadilika, na kasi sasa ni kama 67. Amepoteza theluthi nzima kimyakimya. Miaka ikapita, kreatinini imefika 400, kasi ni 15. Kutoka 400 ikiruka hadi 600 nyumba nzima italia, na kwa kweli ni habari mbaya, lakini kilichopotea safari hii ni mililita tano. Hasara kubwa hutokea wakati tarakimu zinanong'ona. Daktari mzuri husikiliza hapo, kwenye zile tarakimu za chini zinazopanda kidogo, ambazo mimi na wewe tungezikunja tukaziweka mfukoni.

Zamani, ili kukwepa kubahatisha misuli, mgonjwa alipewa dumu akusanye mkojo wa saa 24. Bado hufanywa mahali mahali. Aliyewahi kupanda daladala asubuhi na dumu hilo mapajani anajua kwa nini watu humwaga kidogo njiani, au husahau mkojo wa usiku, na hesabu yote ikaharibika. Kanuni za kukadiria zilizaliwa kutokana na dumu hilo.

Maarufu kuliko zote ilitoka Montreal, Kanada, mwaka 1976. Donald Cockcroft na Henry Gault walichukua takwimu za wagonjwa 249, wakaona kwamba ukijua umri, uzito na kreatinini ya damu unaweza kukisia kilichomo kwenye dumu bila kulibeba. Chukua 140, toa umri. Zidisha kwa kilo. Gawa kwa kreatinini, na uweke kizidishio kimoja kidogo cha vipimo. Inafanyika juu ya kiganja. Kwa Shangazi: 140 toa 75 ni 65, mara 42 ni 2730, mara 1.04, kizidishio cha wanawake kwa maikromoli, ni kama 2839. Gawa kwa 97, unapata 29. Ndiyo ile tarakimu ya pili nyuma ya cheti.

Lazima niseme na kasoro yake. Wagonjwa wale 249 karibu wote walikuwa wanaume. Asilimia 15 wanayopunguziwa wanawake haikupimwa. Iliwekwa kwa kukisia kwamba wanawake wana misuli michache. Kila bibi anayepangiwa dozi ya dawa kwa kanuni hiyo anapangiwa kwa makisio hayo ya Montreal. Na bado inatumika, hasa kwa dozi, kwa kuwa dawa nyingi zilijaribiwa zamani kwa kuitumia.

Ile 52 ilitoka kwenye kanuni mpya zaidi, ya mwaka 2021, ambayo haiulizi uzito. Inauliza umri, jinsia na kreatinini, basi. Majibu yake huyatoa kana kwamba kila mtu ana ngozi yenye eneo la mita za mraba 1.73, wastani wa mtu mzima wa Marekani katika miaka ya 1920. Shangazi yangu hafiki 1.4. Ukiipunguza 52 ilingane na umbo lake, inabaki kama 40. Sasa tuna tarakimu tatu kwa mtu mmoja, na hakuna hata moja iliyopimwa. Hata kanuni bora, ukiwalinganisha watu 100 na kipimo cha kweli, kama 85 kati yao ndio watakaoangukia ndani ya asilimia 30, juu au chini. Wengine watakuwa nje zaidi ya hapo.

Kanuni ya 2021 ilikuja kurekebisha jambo ambalo msomaji wa huku anapaswa kulijua. Kanuni zilizoitangulia, ya 1999 na ya 2009, zilikuwa na kizidishio cha watu weusi: ukiwa mweusi, makadirio yako yanapandishwa, karibu asilimia 20 kwa ya kwanza na 16 kwa ya pili. Sababu iliyotolewa ni kwamba katika takwimu za Marekani watu weusi walikutwa na kreatinini ya juu zaidi kwa kasi ileile ya uchujaji, na wengi wakaeleza hilo kwa misuli. Matokeo yake ni kwamba kati ya mtu mweusi na mzungu wenye kreatinini sawa, mweusi alionekana mzima zaidi, na akachelewa kufika kwa bingwa wa figo au kwenye orodha ya kupandikizwa. Katika zahanati zetu, ambako mkulima wa kilo 50 anakula ugali na mboga, kizidishio hicho kilikuwa kinamkadiria kama mtu wa Chicago. Mwaka 2022 ulitoka utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini ambao ulipima kasi ya kweli kwa kuwadunga watu ayoheksoli, dawa ing'aayo kwenye eksirei, na kufuatilia inavyopungua kwenye damu. Kanuni za kreatinini zilikuwa zinawasifu watu kupita kiasi, na kizidishio cha rangi kilizidisha kosa. Wenye figo dhaifu walikuwa wengi kuliko kanuni zilivyosema.

Kwa hiyo daktari anayeshika mkono wa mgonjwa anafanya kwa vidole kile ambacho kanuni haijui kuuliza.

Yapo na mengine ambayo anayeyajua huyajua kwa kuuliza tu. Anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri ataona kreatinini yake inapanda kidogo katika wiki za mwanzo kisha inatulia. Figo hazijaguswa. Mbali na kuchuja, figo husukuma kreatinini kidogo nje kwa mlango wa pembeni, na dawa hiyo huufunga mlango. Septrin hufanya vivyo hivyo. Lakini katika kidonge kilekile cha dolutegraviri mara nyingi mna tenofoviri, ambayo kweli inaweza kuumiza figo za watu wachache. Tarakimu ni moja, sababu ni mbili, na moja tu ndiyo ya kutisha. Mtabibu huangalia tarehe: imepanda lini, imetulia au inaendelea? Huangalia na mkojo, kama una protini.

Na mjamzito: chujio lake hufanya kazi karibu mara moja na nusu ya kawaida, na kreatinini yake hushuka. Ile ambayo kwa dada yake ni ya kawaida, kwake inaweza kuwa dalili.

Mgonjwa wa malaria kali ambaye figo zimesimama jana usiku ni habari nyingine kabisa. Mtungi ndiyo kwanza unaanza kujaa. Asubuhi kreatinini inaweza kuwa 150, na kanuni ikatoa kasi ya mtu mwenye nusu ya figo zake, huku kwa kweli hazichuji hata tone. Kanuni zote hizi zinadai maji yawe yametulia. Hapo wauguzi huacha karatasi, wakatazama mfuko wa mkojo.

Nirudi kwa Shangazi. Daktari alikuwa bado hajamaliza kuuliza.

"Magoti vipi, mama?"

"Yananisumbua usiku."

"Unameza nini?"

"Diklofenaki. Ananipa yule kijana wa duka la dawa, pale pale mtaani."

"Kila siku?"

"Kila yakiuma."

"Yanauma kila siku?"

Shangazi akacheka, na jibu likawa ndilo hilo. Dawa za jamii ya diklofenaki hubana mshipa unaoleta damu kwenye chujio, na kwa mzee mwenye figo zilizochoka, chujio hubaki bila shinikizo la kuchujia. Akaambiwa aiache. Akaandikiwa nyingine ya maumivu, akaambiwa siku moja kabla ya kupima asile nyama, kwa kuwa nyama iliyopikwa huingiza kreatinini yake yenyewe kwenye damu, na pilau ya hitima haimo katika kanuni yoyote. Aliandikiwa pia kipimo cha mkojo. Nilimuuliza daktari habari za sistatini C, protini ndogo inayotolewa na karibu seli zote za mwili na isiyojali sana misuli. Akasema ingemfaa sana mtu kama huyu, ingawa nayo huyumbishwa na sigara, tezi ya shingoni na dawa za steroidi. Kisha akataja bei yake, tukahamia mazungumzo mengine.

Wiki mbili baadaye kreatinini ilikuwa 84. Kanuni ya 2021 ikatoa 62, ya Montreal ikatoa 34. Nilifurahi, daktari akainua nyusi tu. Akamuuliza Shangazi kama ana vyeti vya zamani.

Anavyo. Shangazi hatupi karatasi. Alitoa pochini mfuko wa nailoni uliokunjwa mara nne, ndani yake mna vyeti vya miaka na miaka, vingine wino umefifia, kimoja kina alama ya kikombe cha chai. Daktari alisogeza kalamu na kipima presha kando, akavipanga mezani kimoja kimoja kwa tarehe, kushoto kwenda kulia, kama anayepanga karata. Cha 2016 kilisema 71. Cha 2019 kilisema 78. Kimoja alikitazama jina la maabara, akakitoa kwenye mstari na kukiweka peke yake juu. Akavitazama vilivyobaki, muda mrefu kiasi kwamba muuguzi alichungulia mlangoni akarudi.

"Miezi mitatu," alisema mwishowe. "Uje na mfuko huo huo, mama. Na damu utoe maabara ile ile, usibadilishe."

Shangazi alikuwa ameanza kuvikusanya. "Na Idi iko katikati hapo," alisema.

"Kula," daktari akasema. "Ila usije kesho yake."